Zafarani Juu ya Bafta

Wageni wanaoingia sebuleni kwa dada yangu, mtaani Nateete, husimama mbele ya mchoro ule na kuuliza ni kitu gani. Mmoja alisema ni jua linalozama nyuma ya moshi. Mwingine, fundi aliyekuja kutengeneza bomba la jikoni, aliutazama muda mrefu akiwa na spana mkononi, kisha akasema ni dari iliyovuja. Dada alimwongezea chai kwa jibu hilo.

Hakuna mtu ndani ya mchoro, hakuna mti wala nyumba. Ni kitambaa kirefu cheupe kilichojaa manjano juu ya manjano, mahali pengine hafifu kama chai ya mgonjwa, mahali pengine nzito kama kutu. Chini, upande wa kushoto, kuna doa moja ambalo sijapata jina la rangi yake. Nimelala kwenye vyumba vya kupanga Kisangani, Bujumbura, Juba na Mombasa. Nimevuka arobaini na bado kila nikikaa mahali miezi michache miguu huanza kuniwasha. Lakini kila nikirudi Kampala, kabla sijavua koti, nakwenda kusimama mbele ya doa lile. Hapo natulia. Nataka kueleza lilivyopatikana, maana nilikuwepo, na sijaona kitu kingine cha namna ile popote nilikopita.

Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Baba alikuwa na duka la vitambaa Nateete, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Babu zake walikuja na misafara kutoka pwani, wakaoa huku, wakazikwa huku. Nje ya mlango tulisema Kiganda kama kila mtu. Ndani ya mlango baba alitaka Kiswahili, tena alikiandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na babu yake. Kwenye kila jora aliandika kwa kalamu ya risasi aina ya kitambaa na mji kilikotoka. Wateja walidhani ni dua za kuvuta riziki. Hakuwakatalia.

Watu wa mtaa wetu walisema Waislamu hawaguswi kwa kuwa mkubwa wa nchi ni mwenzao. Sisi wenyewe tulilisema hilo. Kisha mchana mmoja watu watatu waliovaa miwani ya jua waliingia dukani wakati baba anampimia mwanamke kitambaa cha gomesi, lile vazi la kina mama wa Kiganda. Mwanamke yule alitusimulia baadaye. Alisema baba aliwaomba wamngoje, akamaliza kupima, akakata, akakunja kitambaa vizuri na kumkabidhi, ndipo akatoka nao. Alikuwa pekupeku, kwa kuwa dukani alikuwa havai viatu. Makubadhi yake yalibaki mlangoni, moja limeelekea ndani, moja nje.

Mimi nilikuwa Kisumu, natembea na lori la samaki. Nilirudi. Dada alikuwa mwaka wake wa mwisho katika shule ya sanaa ya chuo kikuu, kule mlimani juu ya Wandegeya. Tulifanya yale yaliyofanywa na kila nyumba iliyopotelewa na mtu. Tuliuliza kwenye kambi za jeshi, tukaambiwa tuondoke. Tulikwenda hospitali ya Mulago, tukaomba kuingia chumba cha maiti, tukaruhusiwa. Sitaandika tulichokiona humo. Baba hakuwemo.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kinubi aliyesuka vikapu vya rangi, na mwanawe alikuwa jeshini. Kwa sababu ya mwana huyo watu walishusha sauti alipopita, lakini mama yangu alikuwa shoga yake tangu wakiwa mabibi harusi, naye jirani hakuacha kuja kwetu. Alimuuliza mwanawe habari za baba. Alirudi amekaza kilemba, akakaa chini.

"Ameniambia, mama, usiniulize tena," alisema. "Basi. Hilo ndilo nililoletewa."

Tangu siku hiyo mama alihamia mlangoni. Aliweka kigoda chake kando ya makubadhi, akakaa akitazama barabara. Chakula alikionja, hakukila. Usiku tulimsikia akitembea ndani ya nyumba akigusa majora gizani. Uso wake ulibaki macho tu. Sheikh wa msikiti wetu, mtu mpole, alikuja kupendekeza swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti asiyekuwepo, ili mama akae eda, apumzike.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Sheikh," akasema, "utamswalia mtu ambaye makubadhi yake yako mlangoni?"

Sheikh akanywa maji yake, akaaga.

Kulikuwa pia na suala la bafta. Wakati ule bidhaa zilikuwa zimeadimika, sukari, sabuni, chumvi, na vitambaa vivyo hivyo. Katika duka letu kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha bafta nyeupe, kile kitambaa chembamba ambacho watu wetu huwashonea maiti sanda. Mzee mmoja aliyefiwa na kaka yake alikuja kukiomba. Mama alikuwa hajawahi kumnyima mfiwa kitu chochote. Alikichukua kile kipande, akakitia ndani ya sanduku lake la chumbani, akarudi.

"Samahani, baba," alimwambia. "Ile ina mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Mwanamke aliyekuwa akimngoja mumewe arudi hai alikuwa amemwekea sanda, na mambo hayo mawili aliyashika pamoja, mkono huu na mkono huu, na yalikuwa yakimmaliza. Hicho ndicho tulichokiogopa mimi na dada. Tulikuwa tumekwisha kumpoteza mmoja, na wa pili alikuwa anaondoka mbele ya macho yetu, akiwa ameketi kwenye kigoda.

Dada aliacha kulala bwenini, akarudi nyumbani. Kule mlimani walimu wengi walikuwa wamekimbia nchi na rangi zilikuwa zimekwisha; wenzake walikuwa wakichora kwa udongo mwekundu uliochanganywa na gundi ya miti. Alitakiwa kufanya kazi moja kubwa ya kumalizia masomo. Baba alizoea kumtania kuhusu masomo hayo. "Binti yangu anasomea kupaka rangi," aliwaambia wateja, "na nyumba yetu haijapakwa tangu nioe." Hata hivyo ndiye aliyelipa ada. Alimpa sharti moja, kwamba chini ya paa lake usichorwe uso wa kiumbe. Dada alikubali, na sidhani kama lilimpa taabu. Hata shuleni alikuwa akichora mawe na vivuli.

Jioni moja tulikuwa uani, yeye anachambua mchele, mimi natengeneza jiko.

"Sura yake naiona," alisema. "Hata nikifumba macho. Lakini sauti inaniponyoka. Jana nilijaribu kuisikia akiniita, nikasikia sauti yako."

"Sauti yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Si yake tu."

Siku iliyofuata alitoa shuka kuukuu, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akalivuta kwa mawe pembeni ili lisipepee. Alichukua zafarani ya mama, iliyoletwa na shangazi kutoka Mombasa na kuwekwa ndani ya kopo dogo la dawa, akailoweka katika marashi ya mawaridi. Akachonga kalamu ya mwanzi. Kisha akaanza kuandika, kulia kwenda kushoto, kwa herufi za baba.

Nilisogea kusoma. Nilidhani ni aya. Haikuwa aya. Aliandika: *Nani amekalia miwani yangu?* Chini yake akaandika: *Fungeni mlango, mnataka mbu waingie wasikilize habari?* Kisha: *Chai hii imepikwa kwa majani au kwa kusimuliwa?* Nilicheka. Yalikuwa maneno ya baba ya kila siku, yale ambayo hakuna mtu anayefikiri kuyaweka. Dada aliandika bila kusimama, midomo yake ikitembea. Alikuwa anaandika ili asikie.

Shuka lilipojaa alirudi nyuma akalitazama, na uso wake haukuridhika.

"Limekuwa bango la duka," alisema. "Mtu yeyote atasoma. Nami nikilisoma nitalia kila siku. Nataka yawemo bila kusomwa."

Ndipo akanikumbusha kombe. Tulipokuwa wadogo, homa ikizidi, baba alituchukua kwa maalimu wa chuo cha Kurani. Maalimu aliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akamimina marashi na maji, akaizungusha sahani mpaka maandishi yakayeyuka, nasi tukayanywa. Hatukujua tumekunywa aya gani. Tulijua tu kwamba maneno yalikuwepo, kisha hayakuonekana, kisha yalikuwa ndani yetu. Nakumbuka nikiangalia tumbo langu usiku, nikitaka kujua kama linang'aa.

Dada aliweka beseni jeupe la mama chini ya shuka. Alijaza maji kwenye birika, akaanza kumimina polepole kutoka juu.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Herufi hazikufutika mara moja. Zilianza kwa kuvimba pembezoni, kama kitu kinachovuta pumzi. Nukta zilitangulia kuondoka. Kisha mistari ikalegea, neno likamwegemea neno lililo chini yake, *miwani* ikashuka ikaingia ndani ya *mlango*, na yote yakateremka kwa nyuzi nyembamba za dhahabu mpaka kwenye upindo, yakadondoka ndani ya beseni. Jua lilikuwa nyuma ya shuka. Kwa muda kitambaa chote kiliwaka kutoka ndani. Halafu hapakuwa na neno hata moja, lakini zafarani haitoki yote. Kila mahali palipokuwa na herufi palibaki manjano, na ukitazama ulijua kwamba hapa palisemwa kitu. Ua mzima ulinukia mawaridi. Nilijikuta nimevua kofia.

"Umeona?" dada alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

Maji ya beseni hatukujua tuyafanyeje. Yalikuwa na rangi nzuri, na dada alifikiri kuyatumia tena kwa maandishi ya pili. Akayafunika kwa kawa la ukindu, akayaweka barazani kivulini, tukaenda Wandegeya kutafuta gundi.

Tuliporudi kigoda cha mlangoni kilikuwa kitupu. Hilo tu lilitosha kutuogopesha. Tulipita dukani tukiita, tukafika barazani, na hapo tukamkuta mama amelala juu ya mkeka, ubavu mmoja, mkono chini ya shavu kama mtoto. Jirani yetu alikuwa ameketi karibu yake akisuka kikapu. Alitunyamazisha kwa kidole.

"Amelala tangu adhuhuri," alisema. "Msimguse. Kombe limemkubali."

"Kombe gani?" aliuliza dada.

Jirani alionyesha beseni kwa kidevu. Kawa lilikuwa limewekwa kando na bakuli lilikuwa juu yake. Beseni lilikuwa limepungua sana. "Alikuja akalifunua, akanusa, akaniambia, watoto wangu wamenifanyia kombe na hawakutaka kunisumbua. Akapiga bismillahi, akanywa. Na mimi akanipa kidogo, kwa ajili ya goti."

Dada alikaa chini palepale. Kwa watu wetu, maji ya zafarani yanayonukia mawaridi, ndani ya chombo cheupe, yamefunikwa kwa kawa, ni kitu kimoja tu. Hakuna ambaye angewaza vingine. Watu wa nyumba nyingine pale mtaani, wasiojua kombe, wangeyamwaga wakidhani ni maji ya kuoshea nguo.

"Goti linaendeleaje?" nilimuuliza jirani.

"Bado ni langu," alijibu. "Lakini mwangalie shoga yangu."

Mama aliamka alasiri imekaribia kwisha. Aliswali, akaja jikoni, akauliza kuna nini. Kulikuwa na matoke na mchuzi wa karanga. Alikula, akaongeza. Usiku hatukumsikia akitembea. Asubuhi alipokwenda kukaa kwenye kigoda chake alisema, bila kugeuka, "Lile kombe likiisha, mwambieni maalimu aandike jingine."

Tulibishana uani, kwa kunong'ona, mimi, dada na jirani yetu.

"Mwacheni," alisema jirani. "Mtamwambia nini? Kwamba amekunywa miwani?"

Mimi nilikuwa upande wake. Mama alikuwa amelala, amekula. Sikuona sababu ya kuligusa jambo hilo. Lakini dada alitikisa kichwa.

"Anadhani amekunywa maneno ya Mungu," alisema. "Nikimwacha na hilo nitakuwa nimemtania Mungu na mama yangu kwa pamoja. Siwezi."

"Na asipolala tena?"

"Basi hatalala akijua ukweli."

Alikwenda akapiga magoti mbele ya kigoda. Mimi nilisimama ndani ya duka, mkono juu ya jora, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kule kambini. Dada alimweleza yote: rangi zilivyokwisha, shuka, kalamu ya mwanzi, maji. Alimwambia wazi kwamba hapakuwa na aya hata moja, na kwamba maalimu hakuandika chochote. Mama alikuwa akitazama barabara. Muuza nyanya aliyekuwa akipita akasalimu, hakujibiwa, akapita.

"Basi uliandika nini?" aliuliza mama.

"Maneno ya baba."

"Maneno gani?"

Dada alianza kuyataja, kichwa chini. Nani amekalia miwani yangu. Fungeni mlango. Chai imepikwa kwa majani au kwa kusimuliwa. Kisha akasema, "Leo sitaki pilipili."

"Hakusema hivyo," mama alisema.

Dada aliinua uso.

"Baba yako hakusema sitaki pilipili hata siku moja. Alisema, leo pilipili ipumzike, imefanya kazi sana." Alilisema kwa sauti ya baba. Simaanishi kwamba aliiga. Ilitoka tu, kule kunguruma kwa chini, ule mvuto kwenye neno *sana*. Dada alishika mdomo wake. Mama mwenyewe alishtuka. Aliyatazama makubadhi, kana kwamba mtu amefika. Halafu akaanza kucheka, na kicheko kilipofika katikati kikageuka, akalia, akalia kilio kile ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ya kwanza. Jirani yetu alitoka nyuma akaja kumshika. Sisi tulikaa chini kwenye sakafu ya duka kama tulivyokaa tulipokuwa wadogo.

Alipokwisha alifuta uso kwa upindo wa leso, akainuka, akaenda chumbani. Tulisikia kifuniko cha sanduku. Alirudi na ile bafta mikononi.

"Shuka lile limetoboka," alimwambia dada. "Andika kwenye kitu kizima."

"Mama, hii si ulisema..."

"Nilisema ina mwenyewe. Nimebadilisha neno? Mwandikie mwenyewe." Kisha akainua kidole. "Ila msiliite kombe tena. Kombe ni la Mungu. Hili ni lake yeye. Na maji yake hayamwagwi mferejini watu wakayakanyaga."

Hivyo ndivyo kazi ile ilivyofanyika. Bafta ilitundikwa uani, na kila asubuhi, baada ya chai, mama alikaa juu ya mkeka na kusema, na dada aliandika. Sikujua kwamba mtu mmoja ameacha maneno mengi kiasi kile. Namna alivyompunguzia mteja bei na kumlaumu papo hapo. Alichosema mvua ilipopiga bati, alichoniambia mimi nilipotoroka nyumbani mara ya kwanza na kurejeshwa na polisi wa Jinja: *Umeona nini huko? Kaa utusimulie, viboko vitangoja.* Nilikuwa nimelisahau. Mama hakuwa amelisahau. Dada akaliandika upande wa juu, nikaomba nimimine mimi maji, nikaliona likilegea na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikutamani kuwa mahali pengine.

Aliandika, akaosha, akangoja ikauke, akaandika tena juu ya alama zilezile. Manjano ya jana ilibeba ya leo. Mahali ambapo baba alisema jambo mara nyingi, rangi ilizidi kuiva, na mahali aliponyamaza bafta ilibaki nyeupe. Dada hakupanga. Alisema kazi yake ni kufuata tu, na kwamba shuleni walikuwa wamemfundisha jinsi ya kuweka rangi lakini hapa alikuwa anajifunza jinsi ya kuiacha iende. Kila jioni mama alibeba beseni mwenyewe na kumimina maji kwenye shina la mchaichai kando ya jiko. Mchaichai ule ulitupa chai miaka yote iliyofuata.

Wanajeshi walikuja mara moja. Walikuwa wawili, wakitafuta vitambaa, na dukani hawakupata cha kuwafaa, wakapita mpaka uani. Bafta ilikuwa kwenye kamba, inadondoka. Mmoja, kijana mrefu, aliishika pembe.

"Hii nini?" aliuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Ni nguo inakauka," alijibu mama.

"Nguo nzuri namna hii, mumeiharibu." Alileta kitambaa puani, akanusa, akasita. Uso wake ulikuwa wa mtoto ghafla. "Inanukia kama kwa bibi yangu," akamwambia mwenzake. Mwenzake alimwambia twende. Kijana aliiachia pembe ile polepole, akapangusa vidole vyake kwenye suruali, na alipotoka alizunguka beseni kwa mbali ili buti lake lisiliguse. Kama bafta ile ingekuwa bado safi, wangeondoka nayo.

Siku moja, maneno yalipokuwa yamepungua, mama alisema, "Nipe kalamu."

Alikuwa anajua herufi zile kwa kuwa alisoma Kurani, lakini sikuwahi kumwona akiandika. Alipiga magoti upande wa chini wa kitambaa, kushoto. Alitanda leso yake kichwani ikamfunika yeye na mkono wake na pembe ile ya bafta, kama hema dogo.

"Geukeni," alisema.

Tuligeuka. Nilitazama ukuta. Tulisikia mwanzi ukikwaruza kitambaa, kisha maji yakimiminwa, kisha kimya, kisha mwanzi tena. Aliandika na kuosha, akaandika na kuosha, mahali palepale. Hakulia. Mara moja tulimsikia akisema kitu kwa upole, na mara moja akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa cha kusikiwa na watoto. Dada alinishika mkono. Jua lilikuwa limetoka kwenye ukuta likapanda juu ya paa kabla hajaivuta leso.

"Haya," alisema. "Imekwisha."

Kijidoa kile kilikuwa kimelowa, kimekuwa karibu cheusi, karibu chekundu. Kilipokauka kilifungua rangi ambayo nimeitafuta tangu siku ile: kwenye asali ya Kigoma, kwenye vumbi la Juba jioni, kwenye sarafu za zamani pale soko la Kisangani. Siioni. Mchoraji ni dada, na dada anakiri kwamba hajui ilivyopatikana. Zafarani ileile, bafta ileile, maji ya pipa lilelile.

Ijumaa iliyofuata mama alimtuma jirani yetu kwa sheikh, na swala ya ghaibu ikaswaliwa baada ya swala ya Ijumaa. Nilisimama safu ya mbele. Niliporudi nyumbani kigoda kilikuwa kimerudishwa jikoni na mlango ulikuwa mtupu. Mama alikuwa ndani, amevaa nguo za eda, anakunywa chai. Makubadhi alikuwa ameyafuta vumbi na kuyatia ndani ya sanduku, mahali ilipokuwa bafta.

Kule mlimani walimu waliobaki waliutazama mchoro wa dada na kumuuliza unaeleza nini. Alijibu kwamba hauelezi, unatunza. Walimpa cheti chake. Mama aliishi mpaka utawala ule ukaanguka na baada ya hapo, akala vizuri na kulala vizuri, na hakuwahi kutuambia alichoandika. Hatukumuuliza. Nilipokuwa naaga kwenda safari zangu alinipa mkono wa kuagia, kisha akanipeleka mwenyewe mbele ya mchoro, akanisimamisha karibu na lile neno langu la juu ambalo halisomeki. "Umelisikia?" aliuliza kila mara. Nami nilisema nimelisikia.

Mara ya mwisho nilipokuwa Nateete, mgeni wa dada, mama mmoja aliyekuja kununua mchaichai, alisimama mbele ya ukuta, akainama mpaka uso wake ukakaribia pembe ya chini, kushoto. Halafu akavuta leso yake mbele kidogo, akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta watu wawili wanazungumza.

"Samahani," alisema.

Dada alinitazama.